Skafu ya Nyuzi Zilizobaki

"Fumua."

Tangu asubuhi Cheche alikuwa akilisikia neno hilo moja, na mama mkwe wake alilitamka taratibu, bila kuinua kichwa, kama mtu anayemkaribisha mgeni akae. Wala hakumaanisha afumue kidogo, au afumue pale tu palipoharibika. Alimaanisha mstari mzima.

"Lakini Mama, huku mwisho pamekaa vizuri."

"Nyumba ikipinda msingi, mkwe, utasifia bati?"

Cheche akavuta uzi, na kazi ya asubuhi nzima ikaachia tundu baada ya tundu mpaka likabaki fundo la kuanzia.

Mtu huyu hakuwa mfumaji. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na jina la Cheche alilipata karakanani, hata waliomjua kwa jina la kuzaliwa walikuwa wameshalisahau. Nusu ya mageti ya mtaa ule yalipita mikononi mwake. Alikuwa mtu wa kubeba mtungi wa gesi begani huku anapiga soga. Sasa amekaa sebuleni mchana kweupe, jua linachoma mabati, mkononi ana sindano ya kroshia, ile yenye kindoano kwenye ncha, ya plastiki, rangi ya waridi, na anafuma skafu.

Chanzo kilikuwa geti. Lilikuwa geti la kuteleza kwenye reli, zito kama dhambi. Siku ya kulipachika, wenzake waliachia upande mmoja kabla wa pili haujakaa, na Cheche, badala ya kuruka pembeni kama watu wenye akili, akatanguliza mkono wa kulia. Kiwiko kikapona, kifundo cha mkono kikavunjika. Akafungwa plasta. Ilipokuja kutolewa akaukuta mkono umesinyaa, vidole vimekakamaa, hata kifungo cha shati haviwezi kukishika. Mtaalamu wa viungo hospitalini, mama mmoja mpole mwenye sauti ya kubembeleza, akampa kimpira cha kuminya. Cheche akakiminya siku mbili, kikamchosha, akakiacha kipotelee chini ya kochi.

"Basi tafuta kazi ya vidole," yule mama akamwambia waliporudi. "Kazi ndogondogo. Kutunga shanga, kufuma kroshia, chochote kinachokufanya ushike na uachie, ushike na uachie."

Mkewe, aliyekuwa amemsindikiza, akaangua kicheko palepale. "Kroshia? Huyu?"

Jioni akamsimulia mama yake, akitegemea wacheke pamoja. Mama yake hakucheka. Akasema, "Mleteni. Nitamfundisha."

Hapo ndipo balaa lilipoanza.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, ila hawakusema ni jembe la namna gani unampa mama mkwe. Bibi huyu alikuja kupumzika wiki mbili. Mvua zikanyesha zikaisha, joto likaingia, yeye bado anapumzika. Mke wa Cheche alikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia katika hoteli, akitoka alfajiri na kurudi jioni. Watoto walikuwa shule ya bweni. Kwa hiyo kutwa nzima nyumba ilibaki na watu wawili: mwanamume asiye na mkono, na mama mkwe asiye na haraka.

Na mkwe ni mkwe. Huwezi kumjibu. Huwezi kukaa mbele yake umejitandaza na fulana. Katika joto lile Cheche alilazimika kuvaa shati la mikono, limefungwa mpaka shingoni, na vifungo vyenyewe alifungwa na mkewe kabla hajaondoka, kama mtoto wa chekechea. Isitoshe, kati yao kulikuwa na neno la zamani. Siku ya posa, bibi huyu aliuliza mbele ya watu kama kweli binti yake ataishi na mtu anayenuka moshi. Tangu hapo hakuna aliyelitaja tena neno hilo, wala hakuna aliyelisahau.

Nyuzi zilitoka kwenye mfuko wa bibi mwenyewe, mfuko mkubwa wa kitambaa uliojaa mabaki: madonge makubwa kama chungwa, mengine kama ndimu, mengine nyuzi tu zilizoviringishwa kwenye kipande cha boksi. Haya yalibaki kwenye sweta la mjukuu wa kwanza, yale kwenye vitambaa vya makochi ya dada yake, na haya kwenye kofia ya mtu ambaye alikufa hajaivaa.

"Mama, nitume dukani," Cheche alisema siku ya kwanza. "Ninunue donge moja kubwa, rangi moja, tumalize."

"Uzi mpya wa kujifunzia? Mtoto anayetambaa unamnunulia viatu vya ngozi?"

Nyuzi nene za sufu akazisukuma kando. Wakati huu wa jua, alisema, nani anavaa blanketi shingoni? Akachagua za pamba, nyembamba, akizipitisha moja moja kati ya kidole gumba na cha shahada. Watafuma skafu nyepesi, yenye matundu, ambayo upepo unaingia huku na kutokea kule. "Ukiishika mkononi uhisi kama hujashika kitu," akasema.

Maneno hayo yalikuwa matamu, ila mkono wa Cheche haukuwa mkono wa kushika kitu kama vile hujakishika. Vidole vilikuwa na hali mbili tu, kulegea kabisa au kukaba kabisa. Akilegeza, sindano inadondoka. Akikaba, vitanzi vinabana hata kindoano hakipenyi.

"Unafuma," bibi akauliza, "au unafunga mbuzi?"

Nyuzi nazo, kwa kuwa ni mabaki, ziliisha kila alipoanza kuzoea. Ikabidi aunge, na kuunga ni mafundo, na mafundo bibi hakuyataka. Skafu iliyoanza na upana wa kiganja ikaanza kuchongoka bila mtu kujua upana unaenda wapi, mpaka ikawa kama ulimi wa kiatu.

Lakini lililomkera zaidi ni kwamba bibi hakuwa hata anaitazama. Cheche angeweza kuvumilia kukosolewa na mtu aliyeinama, akavaa miwani, akaikagua kazi. Bibi huyu alielekeza uso dirishani, akanyoosha mkono, akapitisha vidole juu ya kitambaa kama anayepangusa vumbi, kisha, "Fumua." Dharau gani hii, Cheche alijiuliza. Yaani kazi yangu haistahili hata jicho?

Siku moja akakaba kwa nguvu za hasira, na sindano ya plastiki ikakatika vipande viwili.

"Alhamdulillahi," akasema moyoni. Akainuka, akajitia huzuni. "Basi tena, Mama. Imevunjika."

"Wewe si fundi?" bibi akamuuliza. "Tengeneza nyingine."

Akaenda karakanani. Mwenzake, waliyemwita Kipara, alimkuta akipekua sanduku la vyuma chakavu.

"Unatafuta nini, na mkono huo?"

"Kipande cha shaba. Chembamba."

"Cha nini?"

Cheche hakutaka kusema, lakini Kipara alikuwa mtu wa kung'ang'ania neno mpaka litoke. Lilipotoka, karakana nzima ilisimamisha mashine. Kipara alilia kwa kucheka, akajifuta machozi kwa kitambaa cha grisi, akabaki na uso kama sufuria. Wengine wakaagiza kofia, na mmoja soksi za mtoto. Cheche akakibana kipande chake cha shaba kwenye jiriwa, akachukua tupa kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia akauelekeza tu, akachonga bila kumjibu mtu. Na alipomaliza, vicheko vilikuwa vimepungua, maana kilikuwa kitu kizuri: chembamba, kinang'aa, kindoano chake kimekaa sawasawa.

Akaja nacho nyumbani moyo umemwinuka kidogo. Bibi akakipokea, akakipitishia kidole.

"Kina kijino."

Cheche akakitazama juani. Hakukuwa na kijino. Akapitisha kidole chake, hakuhisi kitu. Bibi akachukua uzi, akauburuta juu ya kindoano, na uzi ukanasa.

Akaenda kutafuta msasa. Njiani alizungumza na Mungu kwa sauti ya kutosha, hata jirani aliyekuwa anaanika nguo akamjibu, "Pole, baba."

*

Wiki ile ndipo jambo la rangi lilipotokea.

Walikuwa wamemaliza nyeupe. "Sasa tia samawati," bibi akasema. "Iko humo, donge dogo." Cheche alikuwa amechoka, jasho linamtiririka ndani ya shati, akachomoa donge la kwanza lililomjia mkononi, la manjano, manjano ya kupiga kelele kama ganda la ndizi. Akampa bibi amtafutie ncha, kwa kuwa vidole vyake viligoma. Bibi akaipata ncha, akamrudishia.

"Hiyo hiyo. Samawati inatulia pembeni ya nyeupe."

Cheche akautazama uzi, akamtazama bibi. Kwanza alifikiri anapimwa, kwa sababu mama mkwe hakuwa mtu wa mizaha. Akanyamaza, akafuma manjano. Kesho yake akaagizwa kijani, akatoa nyekundu, ikapokelewa kama kijani. Akazidi kunyamaza, na kukasirika nako kukazidi, maana sasa hakujua nani anamfanyia nani mchezo.

Baada ya hapo, akitafuta uzi chini kabisa ya mfuko, akakuta kipande kilichokwisha kufumwa. Kilikuwa mwanzo wa skafu kama ile ile. Mistari ya mwanzo ilimfanya akae kitako: matundu yalilingana yote, kama wavu uliotoka kiwandani. Kisha, kadiri kilivyopanda, kitanzi kimoja kimerukwa, halafu viwili, halafu mstari umejikunja, na juu kabisa ni fujo tupu ya mafundo, hapo kazi imeachwa.

"Mama, na hii je?"

Bibi akaipapasa. Uso wake haukubadilika. "Ya mkeo hiyo. Alianza, ikamshinda. Hana subira yule."

Jioni, mkewe alipokuwa anavua viatu, Cheche akamuuliza kama aliwahi kufuma kroshia.

"Mimi? Mama alinijaribu nikiwa mdogo, akanifukuza. Alisema nina vidole vya miguu mikononi."

"Na hii?"

Mkewe akakitupia jicho. "Si ya Mama? Alikuja nayo. Alisema ananifumia skafu ya kazini, kule kwenye pasi joto linaniunguza shingo. Sijui iliishia wapi."

Cheche akakaa na kile kipande mapajani. Mchomeleaji anayajua macho. Yeye mwenyewe, zamani akiwa bado mwanafunzi wa kazi, aliwahi kuchomea bila ngao ya uso, akakesha na macho kama yaliyojazwa mchanga, akinyweshwa maji kwa sababu haoni kikombe kiko wapi. Alikumbuka alivyomimina chai kulipokucha, ukungu haujaisha machoni, huku kidole kimeingizwa ukingoni mwa kikombe ili ajue ikijaa.

Asubuhi yake akamwona mama mkwe anamimina chai. Kidole kilikuwa ndani ya ukingo.

Hapo mtu mwenye hekima angesubiri, angemtanguliza mkewe, angetafuta maneno. Cheche alikuwa amefumuliwa mara nyingi mno hata hekima ikamwishia. Akamsogezea donge la manjano.

"Mama, samahani. Huu uzi una rangi gani?"

"Unanipima, mkwe?"

"Sikupimi. Nauliza."

"Samawati."

"Ni manjano, Mama. Na kijani cha juzi ni nyekundu. Na ile skafu si ya mke wangu, ni yako."

Bibi akainuka. Akatembea kuelekea chumbani kwake, kichwa juu, akagonga nyonga kwenye pembe ya meza, hakusema "ah". Mlango ukafungwa. Baada ya muda Cheche akasikia zipu ya sanduku.

Mkewe aliporudi, bado ana sare ya kazi, akamkuta mama yake amekaa juu ya sanduku kama abiria aliyeachwa na gari. Akatoka humo anatoa moshi.

"Umemwita mama yangu kipofu?"

"Sijamwita kipofu!"

"Mtu mzima amefunga mizigo, unasema hujamwita! Wiki ngapi anakufundisha, ndiyo shukrani yake?"

"Nimemuuliza rangi ya uzi!"

"Ndiyo useme basi, rangi ya uzi inamfungishaje mtu mizigo?"

"Hebu nenda kamuulize," Cheche akasema, sauti imempanda kuliko alivyotaka, "nenda kamuulize wewe umevaa nguo ya rangi gani. Nenda!"

Mkewe akamtazama kwa jicho kali, kisha akaenda. Hakukawia. Aliporudi alikaa kwenye mkono wa kochi, hasira yote imemtoka.

"Amesemaje?"

"Hakujibu. Ameniambia nikaoge."

*

Walijaribu. Mkewe alijaribu kwa upole, akajaribu kwa machozi, akajaribu kwa kununa. Bibi hakwenda kwao, kwa kuwa safari yenyewe ingemtaka aone njia, lakini hospitali pia hakutaka kuisikia. Dada yake alikwenda kutengenezwa jicho, akarudi jicho limezima moja kwa moja. "Bora haka kaukungu kangu," alisema nyuma ya mlango, "kuliko giza la kupewa na mtu."

Akawa hatoki chumbani ila kwa haja na chakula. Cheche akabaki peke yake sebuleni, na shati amelifungua, kwa nini asilifungue. Hakukuwa na mtu wa kumwambia afumue. Alidhani atafurahi. Akafuma mistari kadhaa kwa ubishi, na skafu ikazidi kuchongoka. Akahesabu vitanzi, akakosea kuhesabu. Akafumua mwenyewe bila kuambiwa, akarudia, ikachongoka vilevile. Akaitupa ukutani. Ilikuwa nyepesi, haikufika, ikaangukia kwenye kandambili zake.

Akaiokota. Akafunga vifungo vya shati, viwili kati ya vitano, kwa kazi kubwa. Akaenda kukaa sakafuni kwenye korido, nje ya mlango wa mama mkwe.

"Mama."

Akagonga mlango kwa kidole kimoja.

"Mama, pamenishinda."

"Fumua."

"Nimefumua mpaka uzi umeota manyoya. Inachongoka tu."

Ndara zikaburutwa sakafuni. Mlango ukafunguka upana wa kiganja, mkono ukatoka. Cheche akauwekea skafu. Vidole vikapita ukingoni, vikarudi, vikapita tena.

"Unaruka kitanzi cha mwisho," bibi akasema. "Kila mstari. Kimekaa pembeni, kimelala, unaona kama si kitanzi. Ni kitanzi."

"Kumbe ni hicho tu?"

"Ni hicho tu."

"Siku zote hizo, Mama! Si ungeniambia?"

"Ningekuambiaje?" Sauti ikashuka. "Nilikuwa nasikia inapungua. Sikuwa naona inapungulia wapi. Mpaka leo ulipoirefusha ndiyo nimeupata ukingo vizuri."

Cheche akaegemeza kichwa ukutani. Akasema lililokuwa karibu.

"Mimi niliwahi kuchomwa macho na moto wa kazi. Usiku mmoja tu. Nililia kama mtoto."

Akaunyoosha mkono wa kulia mapajani.

"Na huu mkono, Mama, naogopa. Binti yako sijamwambia. Yeye anajua nangoja upone. Mimi naogopa hautarudi. Nitashikaje mashine? Nitakuwa nani?"

"Ndiyo maana unakaba uzi," bibi akasema.

"Ndiyo maana nakaba kila kitu."

Wakakaa hivyo, mmoja ndani, mmoja nje, skafu katikati. Kisha bibi akauliza, kama anayeuliza habari ya mtu mwingine kabisa, "Ukinipeleka, na nikatoka huko sioni kabisa?"

"Utanilaumu mpaka nife."

"Nitakulaumu mpaka ufe."

"Sasa hiyo ina tofauti gani na hivi tunavyoishi?"

Kwa mara ya kwanza tangu aoe, Cheche akamsikia mama mkwe wake anacheka. Kilikuwa kicheko kidogo, cha puani, na kilimshtua mwenyewe zaidi.

*

Kliniki ya macho ilijaa hadi barazani. Bibi alilalamikia benchi, akalalamikia feni, akamwambia mhudumu kwamba anaita majina kama mtu anayefukuza kuku. Cheche alitoa skafu akaanza kufuma, kwa kuwa afadhali macho ya watu kuliko mdomo wa mama mkwe. Watu wakageuza shingo. Mwanamke mmoja wa karibu akauliza kama anauza.

"Siuzi."

"Hawezi kuuza," bibi akadakia. "Hebu lete nione." Akapapasa. "Umeruka."

"Sijaruka!"

"Umeruka, mkwe, usinibishie mbele za watu."

Alikuwa ameruka. Benchi zima likamwangalia akifumua.

Daktari alikuwa kijana, na bibi akamwuliza umri wake kabla hajakubali kuangaliwa. Ni mtoto wa jicho, akasema daktari, macho yote mawili, limeiva hilo la kulia zaidi. Ya dada yake asingeweza kuyasemea, hakuyaona, lakini hili wanaliondoa kila siku. Waanze na moja. Bibi akanyoosha mkono pembeni, hewani, akitafuta. Cheche akampa wa kulia, ule mbovu, kwa kuwa ndio uliokuwa upande huo. Akaukamata mpaka ukamuuma.

"Andika jina langu," akamwambia daktari.

Siku ya kutolewa bandeji alitazama ukuta, akatazama viatu vyake, akamtazama binti yake kwa muda mpaka binti akaanza kulia. Kisha akamgeukia Cheche, akamchunguza kuanzia kichwani.

"Una mvi," akasema. "Tangu lini?"

"Tangu uje, Mama."

Mkewe akamkanyaga mguu. Lakini bibi alikuwa ameshageuka, anasoma kwa sauti maandishi yote yaliyobandikwa ukutani, moja baada ya jingine, hata la kukataza kutema mate.

Amani hiyo ilidumu mpaka asubuhi ya pili yake. Cheche alikuwa mezani, anamalizia mstari wa mwisho, mkewe anatafuta mkoba wake aende kazini. Bibi akatoka chumbani, jicho moja likiwa limekunjwa na jingine likimeta.

"Hebu niione hiyo."

Akaishika juu, dirishani. Nyeupe, kisha manjano, kisha nyekundu, kisha zambarau, kisha kijani cha majani mabichi, kisha manjano tena. Matundu yalikuwa mengine makubwa, mengine madogo, upande mmoja umelegea, mwingine umekaza. Mwanga ulipita humo na kutua usoni kwake.

"Yarabi! Nani kachagua rangi hizi?"

"Wewe, Mama."

"Mimi? Mimi na akili zangu niweke zambarau karibu na nyekundu?"

"Uliita kijivu."

"Na wewe ukanyamaza!"

"Ningesemaje? Niliposema si ulifunga mizigo?"

"Huyu mtoto atavaaje hii mbele za watu? Watadhani ametoroka kwenye sarakasi." Na vidole vyake, vyepesi, vikaanza kuitafuta ile ncha ya kuvutia.

Cheche akainuka. Akainyakua ile skafu mkononi mwa mama mkwe wake. Yeye, mkwe, alimnyang'anya mama mkwe kitu mkononi, na kiti kikaanguka nyuma yake.

"Hii haiguswi, Mama. Nimevunjikiwa sindano kwa hii. Nimechekwa na karakana nzima. Nimefumua kutwa kucha, nimeota mvi. Inabaki hivi hivi ilivyo!"

"Ina aibu!"

"Aibu ni yangu, niachie!"

"Lete kwanza nirekebishe huku mwisho tu..."

"Huku mwisho pako sawa!"

Mkewe, ambaye mkoba ameshaupata na saa ameshaitazama, akaja katikati yao, akaichukua skafu kutoka mikononi mwa mumewe, akajizungushia shingoni mara mbili. "Nyepesi," akasema. "Nimechelewa." Akatoka.

Hakuna aliyekumbuka kwamba uzi haujakatwa. Donge likaruka kutoka mezani, likavuka sebule, likapiga kizingiti, likadunda ngazi moja moja likimfuata kama kifaranga.

"Uzi!" bibi akapiga kelele. "Uzi, utafumuka wote! Mshike!"

Cheche akavuta mkasi kwenye droo, akatoka peku. Akamkuta mkewe karibu na mlango wa mtaa, ameshafika kwenye vumbi, majirani wawili wamesimama wanaangalia msafara ule. Akaukamata uzi karibu na shingo yake, akaacha kipande cha kufungia, akakata. Akaingiza ncha kwenye kitanzi cha mwisho, akaivuta ikakaza, akaifunga.

Alipoinua macho, mkewe hakuwa anaangalia skafu. Alikuwa anaangalia mkono wa kulia wa mumewe, na mkasi uliokuwa umeshikwa humo.

"Nini tena?" Cheche akasema. "Si umechelewa? Nenda!"

Hakwenda. Ikabidi ampungie kwa mkasi. Ndani bibi alikuwa anauliza kwa sauti ya kusikika mtaa mzima kama lile donge limeokotwa, au wanataka watu walikanyage.